Tokeni zinaisha kabla ya mwezi: nifanyeje?

SWALI: Nakaa Kanduyi na watoto watatu. Stima, makaa na maji vinamaliza mshahara. Nianzie wapi?
Mama, Kanduyi

JIBU: Pole, mama. Anza na stima. Kenya Power hupanga nyumba kwa wastani wa matumizi ya miezi 3: hadi yuniti 30, kisha hadi 100, kisha zaidi ya 100. Ukipanda kundi, bei ya kila yuniti nayo hupanda. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku hula yuniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 haifikishi yuniti moja na nusu. Badilisha kwanza ile inayowaka muda mrefu. Nguo zipige pasi zote siku moja, maana kuipasha pasi upya kila asubuhi hula stima.

Jikoni, loweka maharagwe usiku, yachemshe vizuri kwa nusu saa, kisha funika sufuria ndani ya kikapu kilichojazwa matambara. Yataiva yenyewe bila makaa. Magunzi ya mahindi, yakikauka, huwasha jiko vizuri.

Kuhusu maji, funga mifereji yote usiku na usome mita. Ikisonga hadi asubuhi, kuna mahali panapovuja. Mvua ya huko kwenu Bungoma nayo ni neema: tega mtungi chini ya paa, upate maji ya kufulia nguo.

Fanya moja kila wiki. Haba na haba hujaza kibaba.