Msomaji Asiyechagua: Ladha ya Riwaya na Vitabu Teule katika Bonde la Ufa la Kati

Katika nadharia ya upokezi, aghalabu msomaji huchukuliwa kuwa mtu huru: huingia dukani, hupekua, huchagua, kisha huketi na kitabu chake. Hans Robert Jauss, ambaye mhadhara wake wa mwaka 1967 nchini Ujerumani ulichangia pakubwa kuizindua nadharia hiyo, alisisitiza kwamba kila msomaji huiendea kazi ya fasihi akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma awali. Swali linalozuka ni hili: je, upeo huo hujengwaje iwapo kazi hizo za awali hazikuchaguliwa na msomaji mwenyewe?

Hiyo ndiyo hali ya wasomaji wengi wa riwaya ya Kiswahili kuanzia Naivasha hadi Molo. Katika mfumo wa 8-4-4, ambao sasa unaelekea ukingoni, wakuza mitaala huteua riwaya, ikasomwa na shule za taifa zima kwa miaka kadhaa, kisha ikaipisha nyingine. Wapo wasomaji wa Siku Njema, wapo wa Utengano, wapo wa Kidagaa Kimemwozea na wapo wa Chozi la Heri. Mtu aweza kukisia umri wa mwenzake kwa kumwuliza tu alisoma riwaya gani katika kidato cha nne.

Mtihani nao una namna yake ya kusoma. Mwanafunzi hupewa dondoo, akatakiwa kuliweka katika muktadha wake kwa alama 4, akataja tamathali iliyotumika, kisha akathibitisha maudhui fulani kwa hoja. Mwongozo hununuliwa mapema, pengine badala ya riwaya yenyewe. Msomaji wa aina hii huujua mwisho wa kisa kabla hajaifikia sura ya pili. Taharuki, ambayo humfanya msomaji wa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) akatae kuzima taa, yeye humjia kama istilahi ya kufafanuliwa. Yamkini hakuna istilahi iliyokaririwa sana na kuhisiwa kwa nadra kama hiyo.

Hata hivyo, raha ya kusoma haikufa, na hapa ndipo penye jambo la kuzingatiwa. Siku Njema ya Ken Walibora (1996) ilisomwa kwa lazima, lakini hakuna mtahini aliyewaagiza wanafunzi wambandike mwenzao hodari wa Kiswahili jina la Kongowea. Walifanya hivyo kwa hiari yao. Kongowea Mswahili, mtoto wa Tanga anayemtafuta babaye hadi Kitale, aliwapa wasomaji wa bara mambo mawili kwa pamoja: lugha tamu waliyotamani kuimiliki, na safari inayoishia katika nyanda wanazozijua. Msomaji wa Nakuru aliyezoea kuona Kiswahili kikiwa mali ya pwani alimwona shujaa wa pwani akija kutafuta asili yake Bonde la Ufa. Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) ilipendwa kwa sababu nyingine kabisa, ambayo haitajwi katika miongozo: ilizungumza waziwazi kuhusu masaibu ya Maimuna, mambo ambayo wazazi wengi huyanyamazia. Nayo Kidagaa Kimemwozea (2012) ina kisa cha mswada ulioibwa, na kila mwanafunzi aliyewahi kunakiliwa insha yake anaujua uchungu wa Amani bila kufafanuliwa.

Mwanafunzi afikapo chuo kikuu, tuseme Egerton kule Njoro, kwa mara ya kwanza huachiwa achague mwenyewe. Huchagua jinsi gani? Hulifuata jina la mwandishi analolijua. Ndiyo maana Walibora, aliyefariki Aprili 2020, angali anatafutwa na wasomaji waliokwisha kusahau maswali ya mtihani. Hufuata neno la rafiki. Hutazama unene wa kitabu. Akizipitia kazi za vitabu vya mitumba zilizotandazwa kando ya barabara mjini, hukuta riwaya za upelelezi za Kiingereza, James Hadley Chase akiwamo, ilhali rundo la Kiswahili aghalabu ni la vitabu teule vya jana. Basi hata uhuru wake huishia katika orodha ileile. Si ajabu kwamba Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002), yenye raha ya fumbo na isiyofuata msuko wa kawaida, humkuta hana upeo wa kuipokea. Kuuita upungufu huo uvivu, kama wafanyavyo baadhi ya watu, ni kumwonea.

Mfano mzito zaidi ni Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyoanza kutahiniwa 2018. Riwaya hiyo inamwonyesha Ridhaa, daktari aliyepoteza jamaa zake kwa moto baada ya uchaguzi katika nchi ya kubuni iitwayo Wahafidhina. Nakuru na Naivasha zilikumbwa na ghasia mwishoni mwa Januari 2008, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukawa makao ya waliofurushwa. Mtahiniwa wa 2018 mwenye umri wa kawaida alikuwa mtoto wa miaka 7 au 8 wakati huo. Kwa baadhi yao, muktadha wa dondoo haukuwa jambo la kukariri.

Je, msomaji huyo "anafurahia" riwaya? Neno lenyewe linakwaza. Lakini jina la Wahafidhina humpa umbali: nchi si Kenya, moto si ule wa jirani, na msomaji anaweza kuutazama kwa kuwa haukutajwa kwa jina lake. Baadaye Mwangeka anarejea, familia inaundwa upya kwa watoto wasiozaliwa ndani yake, na msomaji anaruhusiwa kulitamani jambo ambalo huenda hakulipata. Hiyo nayo ni ladha, japo mwongozo huiandika chini ya kichwa "Matumaini" kwa hoja tano. Mhadhiri anayefundisha riwaya hiyo Njoro, Kabarak au Nyahururu angeweza kuanza kwa swali lisilo na alama: ni ukurasa gani uliokufanya ufunge kitabu kwanza, na ni nini kilichokurudisha?