Msongo wa Mawazo kwa Watoto wa Mitaani: Tambua, Elewa, Saidia

Sensa ya kitaifa ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini Kenya. Mjini Eldoret, mtoto mwenye chupa ya gundi mdomoni huitwa chokoraa na kuonekana mkaidi. Ukweli ni kwamba mengi anayoyafanya ni njia ya kustahimili msongo wa mawazo.

Mtoto hustahimili vipi?

Gundi: Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Mvuke wa gundi hufika ubongoni upesi na kutuliza njaa, baridi na hofu kwa muda mfupi. Hata hivyo, hudhuru ubongo, ini na figo, na unaweza kusimamisha moyo ghafla.

Kundi: Wenzake ndio jamaa zake. Hugawana chakula, huuguzana na kulindana usiku. Lakini humo humo mdogo anaweza kudhulumiwa na wakubwa.

Kulala mchana: Si uvivu. Usiku huogopa kupigwa, hivyo hulala kukiwa na watu.

Kwa hiyo, kumpokonya gundi au kumrudisha nyumbani kwa nguvu hakutoshi. Ikiwa alikimbia kipigo au njaa, na hayo bado yapo, atatoroka tena.

Dalili za hatari

- Kujitenga hata na wenzake
- Kujikata au kujiumiza
- Kusema afadhali afe
- Kushtuka ovyo au kukosa usingizi kwa siku nyingi

Mkazi afanye nini?

1. Muulize jina lake na umwite kwa jina hilo.
2. Msikilize bila kumhoji kama mshukiwa. Usimpige picha.
3. Mjulishe chifu au afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ama piga simu 116 bila malipo, saa yoyote.
4. Akionyesha dalili za hatari, usimwache peke yake. Mfikishe kituo cha afya kilicho karibu.
5. Mwenye duka, usimuuzie mtoto gundi.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamtambua mtoto anayeishi mitaani kuwa anayehitaji matunzo na ulinzi. Mtu mzima anayemsalimu kila siku na kutimiza ahadi anaweza kuwa wa kwanza kuambiwa kwa nini aliondoka nyumbani. Hapo ndipo msaada huanzia.