SOMO: WANAOSHIKA UFALME KWA AJILI YA MTOTO

Soma: 2 Wafalme 11 na 12.

Katika nchi yetu ya Ufipa ndiko alikofia Zwangendaba, mfalme wa Wangoni, mahali paitwapo Mapupo, katika miaka ya 1840. Mfalme huyo aliwaongoza watu wake kutoka kusini ya Afrika, wakauvuka mto Zambezi mwaka 1835, wakapita nchi nyingi hata wakafika nyanda zetu hizi. Njaa na vita vya njiani havikuwavunja. Lakini alipokufa, wanawe walikuwa bado wadogo. Nao jamaa zake na wakuu wa baraza wakashindana, nani arithi, na nani ashike utawala mpaka mrithi akue. Basi taifa likagawanyika. Watu wa Ntabeni, walioitwa Watuta, walikwenda kaskazini hata Unyamwezi. Mpezeni akaenda katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mbelwa akakaa Malawi. Na wengine wakafika Songea.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Waafrika tu. Mwaka 1547 Henry wa Nane, mfalme wa Uingereza, alikufa, akamwacha mwanawe Edward, mtoto wa miaka 9. Katika wosia wake mfalme aliwachagua wakuu 16 watawale kwa shauri moja. Walakini siku chache tu zilipopita, Edward Seymour, mjomba wa mtoto, alijipatia cheo cha Mlinzi wa Ufalme, akawa juu ya wenzake wote. Mwaka 1549 wenzake walimwondoa, na mwaka 1552 alikatwa kichwa.

Baada yake John Dudley alishika nguvu. Naye alijionyesha kuwa mtetezi wa Matengenezo ya Kanisa. Mfalme kijana alipokufa mwaka 1553, Dudley alitaka ufalme umwendee Jane Grey, msichana aliyekuwa ameozwa kwa mwanawe. Jane alitawala siku 9 tu. Dudley alihukumiwa kufa, na kabla ya kufa aliikana imani ile aliyojidai kuitetea. Jane, ambaye hakuutafuta ufalme, aliuawa mwaka 1554 kwa tamaa ya wazee wake. Lakini yeye hakuikana imani yake.

Sasa mtazame Yehoyada kuhani. Yoashi alifichwa hekaluni miaka 6, na alipotimiza miaka 7 Yehoyada akamvika taji mbele ya watu. Askari walimtii Yehoyada, na mtoto hakuwa na nguvu yo yote. Angaliweza kujifanya mfalme. Lakini alimfundisha mtoto, kisha akamwachia kiti chake. Hata fedha za hekalu ziliwekwa katika sanduku, zikahesabiwa na watu wawili pamoja, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Naye alipokufa alizikwa pamoja na wafalme (2 Mambo ya Nyakati 24:16). Aliyekataa kunyang'anya ufalme alipewa heshima ya kifalme.

Basi, tusiseme kwamba somo hili ni la wakuu tu. Baba afapo, baba mdogo au mjomba hupewa ng'ombe na shamba la yatima ayatunze. Mwaka wa kwanza husema, "Ni mali ya mtoto." Mwaka wa tano husema, "Ni mali yetu." Mwaka wa kumi mtoto akiuliza, huitwa mkaidi. Hivyo ndivyo Seymour alivyoanza. Vivyo hivyo katika usharika: mchungaji akihama, mzee ashikaye funguo na sanduku la sadaka ni mlinzi, si mwenyeji. Mlinzi mwema huhesabu mbele ya mashahidi, na huiangalia siku ya kurudisha tangu siku ya kupokea.

Maswali kwa walimu na wazee:
1. Yehoyada alimfanyia Yoashi mambo gani ambayo Seymour na Dudley hawakumfanyia Edward?
2. Katika usharika wetu, sadaka huhesabiwa na watu wangapi?
3. Je, yuko yatima kijijini petu ambaye mali yake iko mikononi mwa mkristo? Itarudishwa lini?