Dua, dawa na pa kulala

Saa moja asubuhi foleni imeshajipanga kwenye dirisha la kliniki ya methadoni. Muuguzi anaita mtu kwa jina lake la kwenye cheti, si lile la maskani. Anampa kikombe kidogo cha dawa ya maji, anamtazama akinywa hadi tone la mwisho, kisha anamsemesha: "Habari za nyumbani?" Akijibu, muuguzi anajua dawa imeteremka, maana mdomo uliojaa hausemi.

Anayeweza kujibu "nyumbani wazima" ana bahati. Wapo waliolala kwenye kibaraza cha duka, stendi, au kwenye pagale lisilo na mlango. Kikombe kimechukua dakika mbili. Saa zote zilizobaki hadi kesho asubuhi ni za mtaa, na mtaa una unga, yaani heroini. Msikiti na kanisa vinahitajika kwenye saa hizo. Makala haya ni kwa familia yenye ndugu anayetaka kuacha, na kwa waumini wanaotaka kumsaidia bila kumdhuru.

Arosto si pepo

Anayebwia au kujidunga unga kila siku akiukosa, arosto humwanza ndani ya saa chache: kamasi, miayo, vipele vya baridi, tumbo kuendesha, viungo kuuma, usingizi kukatika. Hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea kadiri wiki inavyokwisha. Ni mateso makubwa, ila mtu asiye na ugonjwa mwingine, akipewa maji na uangalizi, kwa kawaida huyavuka salama.

Pombe ni hatari zaidi. Mtu aliyekunywa gongo au chang'aa kuanzia alfajiri kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kutetemeka, kutokwa jasho jingi, kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Waliozoea vidonge vya usingizi kama Valium nao hawafai kuachishwa ghafla. Kwa hiyo mtu anayeona wadudu wakitembea ukutani usiku wa tatu baada ya kuacha pombe asikemewe pepo mpaka asubuhi. Atafutiwe gari, apelekwe hospitali usiku uleule. Dua inaweza kusomwa ndani ya gari.

Kwa waraibu wa unga, methadoni ndiyo dawa inayofahamika zaidi kwetu. Unga hukaa mwilini saa chache tu, na ndiyo maana mtumiaji huutafuta mara kadhaa kwa siku. Methadoni hushikilia siku nzima kwa dozi moja. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata. Zanzibar walianza mwaka 2015 huko Kidongo Chekundu. Kenya ilianzia Hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha huduma ikafika Malindi na Mombasa.

Kwenye kliniki za umma Tanzania dawa hii ni bure. Mara nyingi mlango wa kuingilia ni asasi zinazofanya kazi vijiweni: mwelimishaji rika, ambaye huenda naye aliwahi kuwa teja, humwandaa mtu na kumsindikiza. Usipojua pa kuanzia, Tanzania piga 119, namba ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA). Kenya piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya huko inayoshughulikia ulevi na dawa za kulevya. Zote mbili hazina malipo.

Waumini huuliza: je, huku si kutoa ulevi mmoja na kuingiza mwingine? Mtu aliyefikishwa kwenye dozi yake sawasawa halewi. Anaamka, anakunywa dawa, anakwenda kwenye kibarua chake, kama mgonjwa wa presha anavyomeza kidonge chake kila siku. Kumwambia aiache ili "amtegemee Mungu peke yake" ni kumrudisha kwenye kete ya unga.

Mambo mawili zaidi yanawahusu hasa viongozi wa dini. La kwanza ni Ramadhani. Asiwepo anayeacha dozi kimyakimya ili afunge. Amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, waulizane kama saa ya dawa inaweza kusogezwa. Ikishindikana, mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na imamu akilisema hilo mbele ya watu atakuwa ameokoa mtu. La pili ni kifua kikuu, ambacho huwapata wengi waliolala nje. Rifampisini, moja ya dawa zake, hupunguza nguvu ya methadoni mwilini, na arosto inarudi. Asilaumiwe kwamba amerudia unga. Aiambie kliniki anatibiwa TB, dozi yake iangaliwe upya.

Kitu ambacho hospitali haina

Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Ohio, Marekani, walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, waligundua kwamba kila mmoja alikaa bila kunywa kwa sababu alikuwa na mwenzake wa kuzungumza naye. Ndiyo asili ya AA, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, na mizizi yake ilikuwa katika kikundi cha Kikristo. Mwaka 1953 huko California ukaanzishwa ushirika kama huo wa waraibu wa dawa za kulevya, NA. Hatua zao 12 zinataja nguvu iliyo kuu kuliko sisi, na kila mtu huachiwa amtaje Mungu kwa namna anavyomjua. Ndiyo maana hatua zilezile zimeweza kutumika kwenye nyumba za upataji nafuu, tunazoziita soba, hata Zanzibar ambako karibu wote waliomo ni Waislamu.

Siku ya teja haina nafasi: kutafuta pesa, kutafuta unga, kubwia, kutafuta tena. Ukimwondolea unga unamwachia siku tupu, na hamu humvamia palepale penye utupu. Adhana tano zinaikata siku hiyo vipande vinavyobebeka. Anajiambia nifike adhuhuri tu, akifika anaihesabia alasiri. Kwa Mkristo kazi hiyo hufanywa na sala ya asubuhi, mazoezi ya kwaya, na jumuiya ndogondogo inayokutana nyumba kwa nyumba.

Lipo pia suala la aibu. Kijana aliyeuza televisheni ya mama yake anajua kuiba ni vibaya, hahitaji mahubiri ya hilo. Anahitaji njia ya kurudi, na dini ina njia hiyo iliyokwisha kutengenezwa: toba, kukiri, kuomba radhi, kurudisha kinachorudishika. Baada ya hapo kuna watu wa kumdhamini, maana mwenye nyumba na mwenye karakana hawamchukui mtu asiye na wa kumsemea.

Dini zetu hazikuanza jana kuwapa watu pa kulala. Msikiti wa Mtume Madina ulikuwa na sehemu yenye paa iitwayo Suffa, na maskini wasio na makazi waliishi hapo na kulishwa hapo. Katika mfano wa Msamaria Mwema, yule msafiri alisafisha majeraha ya mtu aliyepigwa, akampandisha mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akalipia na kuahidi kurudi kulipa zaidi. Hakuishia kumwombea barabarani.

Mifano ya karibu ipo. Mombasa, jumuiya ya Kiislamu ya MEWA inaendesha huduma za afya na pia kituo cha tiba na marekebisho kwa waraibu. Haikuona haja ya kuchagua kati ya dua na dawa.

Maswali kabla ya kumwacha ndugu yako

Si kila mahali panapotaja jina la Mungu panafaa. Septemba 2019 polisi wa Kaduna, Nigeria, waliwatoa mamia ya wanaume na wavulana kwenye jengo lililojitambulisha kama chuo cha dini na mahali pa kurekebisha tabia. Wengine walikuwa na minyororo miguuni, na baadhi walipelekwa na wazazi wao wenyewe. Kwa hiyo uliza, na usione haya:

1. Je, kituo kimesajiliwa, na cheti kiko wapi? Tanzania Bara ulizia DCEA, Kenya ulizia NACADA.

2. Nani humpima mtu siku ya kwanza? Akipata degedege saa nane usiku, anapelekwa hospitali gani, kwa gari la nani?

3. Anayetumia methadoni, dawa za VVU, TB au akili anaruhusiwa kuendelea nazo? Wakisema hapana, geuza gari.

4. Je, kuna kufungwa kamba, kuchapwa, kulazimishwa kufunga saumu au kunyimwa chakula? Jibu la "kidogo tu, kwa nidhamu" ni jibu la ndiyo.

5. Familia inaruhusiwa kumwona lini? Waombe wakuonyeshe wanapolala, chooni na jikoni. Asiyekutembeza ana anachoficha.

6. Malipo ni kiasi gani kwa mwezi, na yanajumuisha nini? Dai risiti.

7. Wa dini nyingine analazimishwa kubadili? Kumpa mtu chakula kwa sharti la kusilimu au kuokoka ni biashara.

8. Akimaliza muda wake, anakwenda wapi? Wasipokuwa na jibu la swali hili, lianze kutafutwa siku hiyohiyo.

Siku ya kutoka

Familia hufanya sherehe siku ya kutoka, ilhali ndiyo siku ya hatari kuliko zote. Mwili uliokaa miezi bila unga umepoteza uzoefu wake. Kete aliyokuwa akiibwia zamani na kutembea, leo inaweza kumzimisha pumzi. Ndiyo sababu wapo wanaokufa muda mfupi baada ya kutoka soba au jela. Mwambieni waziwazi. Kunyamaza kwa kuogopa "kumkumbusha" hakumlindi.

Wanaoishi naye wajue dalili: haamki hata akisuguliwa kifua kwa ngumi, anakoroma kwa shida au anapumua kwa kuchelewachelewa, midomo imekuwa ya rangi ya bluu au kijivu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa, msimwache "alale itoke". Mlazeni ubavu, mwiteni kwa jina, mkimbizeni hospitali na mseme ukweli alichotumia. Ipo dawa ya kuzindua, naloksoni, lakini daktari ataiwahi tu akijua anatibu nini.

Akirudia, hajatupa kila kitu. Kurudia ni sehemu ya maradhi haya kwa wengi, kama sukari inavyopanda kwa mgonjwa aliyeteleza. Mlango ufunguliwe tena, safari hii kwa masharti yanayoeleweka.

Kisha kuna usiku. Kijana aliyekaa miezi minne bila unga akirudi kulala maskani, amerudi kwa wauzaji waleule. Tuseme anapita msikitini baada ya isha:

"Shikamoo, ustadh."

"Marahaba, mwanangu. Dawa umekunywa leo?"

"Nimekunywa. Ila sina pa kulala."

Atakachosema ustadh baada ya hapo ndicho kinachopima msikiti ule. Hata kanisa hupimwa hivyohivyo.

Waumini wafanye nini

Si lazima kujenga kituo. Watu 20 wenye nia wanaweza haya:

Chumba kimoja kilipiwe kodi miezi mitatu, wakae wawili au watatu chini ya mzee anayelala hapohapo. Kodi ilipwe kwa mwenye nyumba moja kwa moja, wao wasikabidhiwe fedha mkononi mapema. Kwa Waislamu, zaka na sadaka zina mafungu yanayomgusa fukara na maskini. Muulizeni sheikh wenu. Kwa Wakristo upo mfuko wa wahitaji.

Nauli ya kliniki ichangwe. Methadoni ni bure, daladala si bure, na dozi ni ya kila siku.

Vitambulisho vishughulikiwe mapema. Aliyelala nje miaka mara nyingi hana karatasi hata moja. Muumini mmoja amsindikize kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sheha au kwa chifu, na asimame kama shahidi.

Kazi zianze ndogo na zenye saa: kufagia ua, kuosha magari, kusaidia kwa fundi. Alipwe kidogokidogo kwa wiki, si mkupuo mwisho wa mwezi.

Na ulimi uangaliwe. Asisimamishwe mbele ya waumini kutoa ushuhuda kabla hajawa tayari, picha yake isirushwe kwenye makundi ya simu, na asiitwe teja. Ana jina lake la kwenye cheti, lile analoitwa dirishani kila asubuhi.

Ijumaa au Jumapili hii, watu wakitawanyika, msogelee imamu wako, padri au mchungaji, umuulize swali moja: kijana wa mtaa wetu akitoka soba leo jioni, atalala wapi? Akikosa jibu, msiachane hapo. Kaeni barazani mlitafute.