Thimlich Ohinga: Kuta Zisizo na Chokaa

Mkulima wa Machakos anajua vema ya kuwa kazi ya mikono mingi hudumu kwa kutunzwa. Katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya vilijenga matuta katika milima ya Ukambani ili mvua isichukue udongo. Na tuta lisilotengenezwa hubomoka. Leo twamweleza msomaji habari za kazi ya namna hiyo hiyo, lakini ya zamani zaidi, huko magharibi ya Kenya.

Thimlich Ohinga ni mji wa kale uliojengwa penye mteremko wa kilima, kaskazini magharibi ya Migori. Kwa Kijaluo, ohinga ni boma au ngome, na thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Wataalamu wadhani kuwa ulijengwa katika karne ya 16.

Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na unene wa mita 1 hivi. Huko Italia, ambako watu wa zamani pia walikimbilia vilimani kwa kuogopa adui, mafundi waliunganisha mawe kwa chokaa. Wajenzi wa Thimlich hawakutumia chokaa wala udongo. Walipanga mawe upande wa nje na upande wa ndani, wakajaza vijiwe katikati, kila jiwe likishikwa na mwenzake. Penye udhaifu waliongeza mawe ya kuutegemeza ukuta. Milango ni mifupi, hata aingiaye sharti ainame. Basi adui hakuweza kuingia kwa kishindo. Ndani mlikuwa na nyumba, mazizi ya mifugo, na mahali pa kufulia chuma.

Mtu asidhani kwamba kuta hizo zilisimama zenyewe miaka yote. Jamii moja ilipohama, nyingine iliingia, ikarudishia mawe yaliyoanguka kwa ujuzi ule ule. Watu walipoacha kukaa humo, katika karne ya 20, miti na mitambaazi ikaota, na mizizi ikaanza kusukuma mawe.

Mwaka 1981 serikali ilipafanya mahali hapo kuwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 2018 UNESCO ikapatia katika Urithi wa Dunia. Heshima hiyo ni kubwa, lakini haiinui jiwe lililoanguka. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.