Ukimya unaolinda mwili

Seli ya ini lako na seli ya ubongo wako zina jeni zile zile. Kwa nini basi kila moja inafanya kazi yake tofauti?

Ni kwa sababu si kila agizo lililomo ndani ya seli hutekelezwa. Jeni inapofanya kazi, kwanza hutolewa nakala yake, iitwayo RNA mjumbe. Nakala hiyo husomwa, kisha protini hutengenezwa. Kumbe hata baada ya nakala kutoka, wapo wanaoweza kuinyamazisha.

Mwaka 1993, Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani walitangaza kwamba katika mnyoo wa milimita moja tu kuna kipande cha RNA chenye herufi 22 hivi, ambacho hakitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kujibandika kwenye nakala inayolingana nacho, isisomwe. Wengi hawakujali. Mambo ya mnyoo yanamhusu nini binadamu? Lakini mwaka 2000 Ruvkun na wenzake walionesha kuwa kipande kingine cha aina hiyo, let-7, kimo hata kwa binadamu.

Vipande hivi ndivyo mikroRNA. Leo vinajulikana mamia kwa binadamu. Kimoja chaweza kudhibiti jeni nyingi, na jeni moja yaweza kudhibitiwa na vingi. Ama huzuia nakala isisomwe, ama huifanya ivunjwe.

Sasa tujiulize, mdhibiti huyu akikosekana inakuwaje? Mwaka 2002, kundi la Carlo Croce lilionesha kuwa kwa wagonjwa wengi wa aina moja ya saratani ya damu, mikroRNA mbili, miR-15 na miR-16, zimepotea au zimepungua. Kazi yake mojawapo ni kuibana protini iitwayo BCL2, inayozikinga seli zisife. Zikitoweka, BCL2 huzidi. Seli zilizotakiwa kufa zinaendelea kuishi na kurundikana.

Kwa hiyo ugonjwa hauletwi na jeni iliyoharibika tu. Waweza pia kuletwa na jeni nzima iliyokosa wa kuinyamazisha.

Ambros na Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024, miaka 31 baada ya habari za mnyoo wao. Basi kijana wetu akisema anataka kusomea wadudu au minyoo, tusikimbilie kumuuliza italipa nini. Huenda jibu likachukua miaka 31, na likamhusu mgonjwa wa saratani.