Kiti Kiendacho kwa Nguvu za Umeme

1. Wako watu wasioweza kutembea kwa miguu yao, ama kwa ugonjwa, ama kwa kuumia, ama kwa kuzaliwa hivyo. Kiti cha magurudumu huwasaidia sana. Lakini kiti cha kusukumwa chataka mikono yenye nguvu, au mtu mwingine wa kukisukuma. Je, yule ambaye hata mikono yake ni dhaifu, atafanyaje? Zamani alikaa pale alipowekwa. Akitaka kwenda uani kuota jua, hana budi kuomba. Akitaka kurudi kivulini, aombe tena.

2. Vita Kuu ya pili ilipokwisha mwaka 1945, wako askari wa Kanada waliorudi kwao wakiwa wameumia uti wa mgongo, hata wengine hawakuweza kutumia miguu wala mikono. Mhandisi mmoja, jina lake George Klein, aliyezaliwa mwaka 1904, alikuwa akifanya kazi katika Baraza la Taifa la Utafiti mjini Ottawa. Yeye na wenzake walitengeneza kiti cha umeme kilichofaa watu hao, wakakimaliza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tangu hapo viti vya namna hiyo vimeendelea kutengenezwa na kuzidi kuwa bora.

3. Sasa na tuangalie jinsi kiti hiki kiendavyo. Chini yake mara nyingi mna betri mbili, kila moja ya volti 12, zikiungwa pamoja volti 24. Betri hizo hupeleka umeme katika mota mbili, moja ya gurudumu la kushoto na moja ya gurudumu la kulia. Viti vingi vya namna hii havina usukani kama wa motokaa. Mota zikizunguka sawasawa, kiti chaenda moja kwa moja. Ya kulia ikizidi kasi, kiti chageuka kushoto. Ndivyo mashua igeukavyo, mpiga kasia wa kulia akizidi kuvuta kuliko mwenziwe.

4. Juu ya mkono wa kiti pana kijiti kidogo cha kuongozea. Ukikisukuma mbele, kiti chaenda mbele. Ukikivuta, charudi nyuma. Ukikilaza kando, chageuka upande huo. Ukikisukuma kidogo, chaenda polepole. Ukizidi kusukuma, mwendo wazidi. Ukikiachilia, kijiti hurudi katikati chenyewe, na kiti husimama. Angalieni sana jambo hili. Mtu akishtuka, desturi yake ni kushika kwa nguvu kitu kilicho mkononi mwake. Mwenye kiti hiki yampasa kujifunza kinyume chake: akiogopa, aachilie. Naye asiyeweza kutumia mkono hutengenezewa njia nyingine, kama kuongoza kwa kidevu, kwa kichwa, au kwa kupuliza na kuvuta pumzi katika mrija.

5. Breki zake ni za ajabu kidogo. Mngedhani kwamba umeme ndio unaozikaza, sivyo. Springi ndizo zinazozikaza, na umeme huzifungua kiti kinapotaka kwenda. Kwa nini waliotengeneza walifanya hivyo? Fikirini: kama umeme ungekatika ghafula katikati ya mlima, na breki zingekuwa zategemea umeme, kiti kingeporomoka pamoja na mtu wake. Lakini kwa kuwa springi hukaza umeme unapokosekana, kiti husimama papo hapo.

6. Tena pana vishikio vya kutenga mota na magurudumu, ili kiti kisukumwe kwa mikono kikiharibika. Hapa pana hatari. Vishikio vikiisha kufunguliwa, breki zile hazishiki tena. Kiti chenyewe chaweza kuzidi kilo 100, bila kuhesabu mtu aliyekikalia. Kwa hiyo visifunguliwe kamwe mahali penye mteremko, na baada ya kusukuma vifungwe tena.

7. Haya ndiyo mambo ampasayo mwenye kiti kuyashika:
Kwanza, afunge mkanda wa kiunoni kabla ya kuondoka, asije akateleza mbele kiti kinaposimama.
Pili, achague mwendo wa polepole ndani ya nyumba na penye watu. Katika Uingereza sheria hairuhusu kiti kupita maili 4 kwa saa katika njia ya waendao kwa miguu.
Tatu, apandapo mlima au kushuka, aende moja kwa moja wala asikate kando, maana kiti chaweza kupinduka. Magurudumu madogo ya nyuma huzuia kiti kisianguke kinyumenyume, lakini hayazuii kuanguka kwa ubavu.
Nne, azime umeme kabla ya kupanda kitini au kushuka. Mkono wa nguo ukigusa kijiti, kiti chaweza kuondoka. Wala asikanyage pale pa kuwekea miguu, kwa maana kiti chaweza kuinama.
Tano, aangalie taa za betri. Zikionyesha kwamba nguvu zapungua, arudi nyumbani mapema. Usiku betri zijazwe mahali penye hewa, mbali na moto.
Tahadhari kabla ya hatari.

8. Limebaki jambo moja, nalo lawahusu ninyi. Kiti hiki ndicho miguu ya mwenyewe. Msikiguse kijiti chake bila ruhusa, msining'inie nyuma yake, wala msiweke mizigo yenu juu yake. Msichezee vile vishikio hata kidogo. Mkitaka kumsaidia, mwulizeni kwanza. Akikataa, mwacheni aende. Mtu aliyengoja siku nyingi kusukumwa na wengine, akiisha kupata njia ya kwenda mwenyewe, msimnyang'anye.

MASWALI
1. Kiti hiki hugeukaje, nacho hakina usukani?
2. Mwenye kiti akishtuka, yampasa kufanya nini? Kwa nini?
3. Elezeni sababu ya breki kukazwa na springi wala si umeme.
4. Ni hatari gani kufungua vishikio vya kutenga mota penye mteremko?
5. Kwa nini umeme huzimwa kabla ya kushuka kitini?